PHP Haijafa, na Chati Haikusema Imekufa

"Mwalimu, niache PHP? TIOBE imeishusha." Nimeshaulizwa hivi mara nyingi mno, na kila mara aliyeuliza hajui TIOBE, chati ya umaarufu wa lugha za kuprogramu, inapima nini.

Haihesabu watengeneza programu, wala programu zenyewe. Inahesabu kurasa ambazo Google na mitambo mingine ya utafutaji hudai kuwa nazo, zenye jina la lugha likifuatwa na neno la Kiingereza "programming". Basi! Ukurasa uliosahauliwa tangu 2009 una uzito sawa na wa leo asubuhi. Somo la Python lililoandikwa kwa Kiswahili bila neno hilo halimo. Aprili 2004 Java na C++ ziliporomoka kwenye chati hiyo, na TIOBE wenyewe wakaeleza sababu: Google ilikuwa imefagia kurasa taka. Hiyo haikumaanisha kwamba kampuni ziliacha Java mwezi huo. Na Scratch, lugha ya MIT ya kufundishia watoto, imewahi kuingia katika 20 bora. Utaombea kazi gani kwa Scratch?

Wanaokagua tovuti zenyewe, kama W3Techs, wanaikuta PHP katika zaidi ya saba kati ya kila kumi ambazo lugha yake ya upande wa seva inajulikana. WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, nayo imeandikwa hasa kwa PHP. Hiyo ndiyo maiti mnayoizika?

Dodoso la watengeneza programu la Stack Overflow la 2024 lilijibiwa na watu zaidi ya 65,000, lakini ni waliopenda kujibu. Anayetunza COBOL ya benki huenda hajawahi kulifungua. Na lugha ya Rust kupendwa humo kila mwaka si sawa na Rust kukupa ajira.

Matangazo ya kazi nayo yana mitego yake. Ukitafuta "Java" unaweza kuzoa na JavaScript. "Go" ni lugha, lakini pia ni kitenzi cha Kiingereza. Nafasi moja hutangazwa na mawakala watatu, na tangazo moja hutaja lugha sita wakati kazi ni ya moja. Tena tangazo huonyesha kiti kitupu tu. Mfumo uliotulia, wenye watu wasiohama, hautangazi.

Fanya hivi: kusanya matangazo 30 ya mji unaotaka kufanyia kazi, ondoa yaliyojirudia, hesabu waajiri, soma majukumu kabla ya orodha ya lugha. Zungumza na mtu mmoja aliye ndani ya kazi hiyo. Mara nyingi utakuta hivi: kwa Android, Kotlin; kwa takwimu, Python; kwa benki, Java au C#; kwa tovuti za wafanyabiashara wadogo, PHP.

Wewe uliye katikati ya mradi wa PHP, umalize kwanza.