Korosho Masasi na Newala: mali ya nani, kodi ya nani?

MSIMU wa korosho unapofunguliwa kila Oktoba, wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hugeuka darasa la biashara. Maswali ya sheria, masoko na kodi ambayo wanafunzi huyajibu kwenye mitihani, huko hujibiwa kwa fedha taslimu, na anayekosea hupata hasara.

Swali la kwanza: korosho zikiwa ghalani ni za nani? Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni ya 2005, na mfumo huo ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima anayepima mzigo kwenye chama chake cha msingi hauzi siku hiyo, anauweka tu. Mzigo hubaki mali yake hadi bei ikubaliwe mnadani.

Hapo ndipo biashara ya kangomba inapowaponza wenye mitaji midogo. Mtu humpa mkulima fedha wakati wa shida, kabla ya mavuno, ili aje alipwe korosho kwa bei ya kutupa. Biashara hiyo imepigwa marufuku, na kwa Sheria ya Mikataba, makubaliano yenye lengo haramu ni batili. Mkulima akigeuka, mdai hana pa kushika.

Swali la pili ni la bei. Wakulima huuza kupitia vyama vikuu, MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala. Wanunuzi hutoa zabuni, wakulima hukubali au hukataa. Msimu wa 2017/18 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 zabuni za mwanzo zilikuwa chini ya shilingi 3,000, wakulima wakazikataa. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Kabla ya kulipa, mashamba yalihakikiwa. Aliyepeleka magunia bila kuwa na shamba alibanwa aeleze alikoyatoa. Hata wakulima halali, baadhi yao walingoja malipo kwa miezi kadhaa. Bei nzuri inayochelewa hukuta mkulima ameshakopa.

Swali la tatu: kodi analipa nani? Ushuru wa halmashauri, ulioshushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, hudaiwa kwa mnunuzi. Korosho ghafi zinazosafirishwa nje ziliwekewa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa mfano, tani yenye thamani ya dola 1,200 hutozwa dola 180, lakini ya dola 1,000 hutozwa 160, yaani asilimia 16. Soko likianguka, ushuru hauanguki nalo.

Mnunuzi huyajua hayo kabla ya kuandika zabuni. Huanza na bei anayotarajia India au Vietnam, akatoa ushuru, usafiri na faida yake, kinachobaki ndicho anachompa mkulima. Sheria humtaja mnunuzi kuwa mlipaji, lakini sehemu ya mzigo humwangukia mwenye shamba.

Tangu msimu wa 2024/25 minada imefanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Masanduku ya zabuni yameondoka, hesabu imebaki ile ile. Mwekezaji mdogo anashauriwa kuuliza kwanza stakabadhi ina jina la nani, kisha ndipo aulize bei.