Kwa nini tuzo kubwa za muziki huikosea hevi metali

MKAZI wa Yamumbi, viungani mwa mji wa Eldoret, hahitaji mwalimu wa kumfahamisha kuwa mbio za mita 100 na marathoni ni mashindano mawili tofauti. Uasin Gishu imelea wanariadha kwa miongo mingi. Jopo ambalo lingewapanga mkimbiaji wa marathoni na yule wa kuruka viunzi na maji kwenye mstari mmoja, kisha limtuze ambaye jina lake limezoeleka zaidi, lingekuwa kichekesho.

Katika muziki, kichekesho cha aina hiyo kimewahi kutokea mbele ya macho ya dunia, na waliotendwa ni wanamuziki wa hevi metali.

Hevi metali ni tawi la muziki wa roki lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini. Bendi inayotajwa mara nyingi kuwa mwasisi wake ni Black Sabbath ya Birmingham, mji wa viwanda, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970.

Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Ili acheze tena, alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa. Sauti ikashuka, ikawa nzito na yenye kiza.

Asiyeuzoea muziki huu husikia kelele tu, na wazazi wengi huuhusisha na ushetani. Anayeujua husikiliza kasi inavyobadilika, ngoma zinavyofuatana na gitaa, na mngurumo wa mwimbaji, ambao una mbinu zake na hudai mazoezi ya pumzi.

Kura ya 1989

Mnamo Februari 1989, tuzo za Grammy nchini Marekani zilikuwa na kitengo cha roki kali na metali kwa mara ya kwanza. Wengi waliitarajia Metallica, iliyokuwa imetoa albamu ya "...And Justice for All" mwaka 1988, na ambayo ilitumbuiza usiku huo huo.

Mshindi aliyetangazwa ni Jethro Tull, bendi ya Waingereza ambayo kiongozi wake, Ian Anderson, anajulikana kwa kupuliza filimbi. Baadhi ya waliokuwa ukumbini walizomea. Jethro Tull wenyewe hawakuwapo. Baadaye kampuni yao ya rekodi ilichapisha tangazo la utani lililodai kuwa filimbi nayo ni chombo kizito cha metali.

Si lazima kutafuta njama. Wapiga kura wa Grammy ni waimbaji, watunzi, watayarishaji na mafundi wa sauti wa kila aina ya muziki. Aliyebobea katika jazi au nyimbo za injili aliweza kuamua pia nani bingwa wa metali. Mpiga kura wa namna hiyo, asipozijua bendi zinazowania, hutia alama kwenye jina alilolisikia tangu ujanani. Jethro Tull ilikuwapo tangu 1967.

Mwaka uliofuata metali ilitengwa na roki kali, na Metallica ikashinda. Hata hivyo, dalili za ugonjwa ule ule ziliendelea kuonekana.

Black Sabbath ilipata Grammy yake ya kwanza mwaka 2000, kwa kuutumbuiza jukwaani "Iron Man", wimbo uliotoka mwaka 1970. Motörhead, iliyoanzishwa 1975, ilishinda mwaka 2005 kwa kuurudia wimbo wa Metallica, wala si kwa utunzi wake. Mwaka 2017, Megadeth walipokuwa wakienda kupokea tuzo, wanamuziki wa ukumbini waliwapigia wimbo wa Metallica, bendi iliyomfukuza kiongozi wa Megadeth, Dave Mustaine, mwaka 1983.

Kapu la 'mbadala'

Huku kwetu, tatizo lina sura nyingine. Tuzo za muziki za MTV barani Afrika zilipofanyika Nairobi mnamo Oktoba 2009, kulikuwa na kitengo cha muziki mbadala, na ushindi ukaenda kwa Zebra & Giraffe, bendi ya roki ya Afrika Kusini. Neno 'mbadala' ni kapu la kutilia kila kisichojulikana pa kuwekwa.

Aidha, tuzo nyingi za kanda hii zimezoea kutegemea kura za mashabiki kupitia simu na intaneti. Kura hizo hupima umaarufu, na umaarufu huletwa na redio. Muziki usiochezwa redioni haupati kura, na usiopata kura haupati tuzo ambayo ingewashawishi watangazaji kuucheza. Mduara huo ndio unaomfungia mlango kijana mwenye gitaa la umeme, awe Yamumbi au Nairobi, kwa kuwa wadhamini nao huja baada ya tuzo.

Mfano ulio wazi ni Duma, kundi la Martin Kanja, maarufu kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Msomaji wa Kiswahili hudhani jina hilo ni la mnyama, kumbe wenyewe walilitoa katika Kikuyu, kwa maana ya giza. Albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes, na sifa zikamiminika kutoka kwa wahakiki wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2024 Lord Spikeheart alitoa "The Adept" kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu.

Asiyependa hevi metali asidhani kwamba haya hayamhusu. Mwaka huo huo wa 2024, Grammy ilianzisha kitengo kimoja cha muziki wa Afrika. Waliowania walitoka Nigeria na Afrika Kusini, na Tyla wa Afrika Kusini akashinda. Benga, taarab, mugithi na nyimbo za Wakalenjin zote zinatarajiwa kutoshea katika kitengo hicho kimoja, mbele ya wapiga kura ambao wengi wao hawajawahi kuzisikia.

Dawa haihitaji miujiza. Mwaka 2021, waandalizi wa Grammy walipunguza vitengo ambavyo mwanachama anaweza kupigia kura kutoka 15 hadi 10, navyo viwe katika nyanja zisizozidi tatu, mbali na vile vya jumla. Waandalizi wa Afrika Mashariki wanaweza kwenda mbali zaidi: wateue majaji wanaoujua kila mtindo, wawape rekodi wazisikilize, kisha waibakishie kura ya mashabiki kitengo chake maalumu cha umaarufu.

Tuzo huelewa kile tu ambacho wapiga kura wake wamekisikiliza. Mpaka hapo majaji watakapotenganishwa kwa ujuzi, jinsi wanariadha wanavyotenganishwa kwa mbio zao, hevi metali itaendelea kutuzwa kwa kuchelewa, au kwa kubahatisha.