Mzigo Ukiharibika Njiani: Hasara ni ya Nani?

Biashara ya mtandaoni katika Morogoro Mjini, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, imejengwa juu ya simu ya mkononi na buti la basi. Tangazo huwekwa Instagram au katika kundi la WhatsApp, bei huafikiwa kwa ujumbe mfupi, fedha hulipwa kwa simu, kisha bidhaa hufungwa na kupelekwa ofisi ya basi ili isafiri pamoja na abiria. Hatua tatu za kwanza humalizika kwa muda mfupi na huacha maandishi katika simu za pande zote mbili, ilhali hatua ya nne huchukua saa nyingi, hupita mikononi mwa watu wasiofahamiana, na mara nyingi haiachi kumbukumbu yoyote zaidi ya kipande cha risiti. Ndiyo maana chupa ikipasuka au kioo cha simu kikivunjika, mteja humdai mwuzaji, mwuzaji huilaumu ofisi ya basi, na ofisi husema kwamba mzigo ulifungwa vibaya. Makala hii inaeleza jinsi uharibifu huo unavyotokea, sheria inavyougawa wajibu, na sababu inayofanya hasara imwangukie mara nyingi yule asiye na ushahidi, hata kama si yeye aliyeusababisha.

Mji ulio katikati ya njia

Morogoro iko chini kidogo ya kilomita 200 magharibi ya Dar es Salaam, mahali ambapo barabara kuu inagawanyika, tawi moja likielekea Dodoma na mikoa ya kaskazini magharibi, na jingine likielekea Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia. Kituo cha mabasi cha Msamvu kimejengwa kwenye njia panda hiyo, na kwa hiyo kinapokea mabasi yanayoishia mjini pamoja na yale yanayopita tu. Kwa msafirishaji wa vifurushi, tofauti hiyo ni kubwa. Basi linaloishia Msamvu hupakuliwa kwa utulivu, lakini basi la masafa marefu husimama kwa muda mfupi, na mzigo wa Morogoro, ambao pengine umewekewa juu yake mizigo ya Iringa au Mbeya, huvutwa haraka kutoka chini ya mingine huku abiria wakisubiri.

Mizigo husafiri pande zote mbili. Kutoka Kariakoo huja simu, vyombo vya udongo na vya kioo, vipodozi, viatu na vifaa vya umeme, ambavyo wanunuzi wake ni pamoja na wakazi wa Kihonda, Mafiga na Kilakala, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Chuo Kikuu Mzumbe. Kutoka Morogoro huondoka mazao ya milima ya Uluguru, yaani karafuu, pilipili manga, mdalasini na iliki za upande wa Matombo na Kinole, pamoja na asali, ambavyo kabla ya kufika Msamvu huwa vimekwisha kuteremshwa mlimani, mara nyingi kwa bodaboda, katika barabara za vumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa masika. Mzigo wa aina hiyo huanza kutikiswa kabla hata haujaandikiwa risiti.

Kinachotokea ndani ya buti

Uharibifu wa vifurushi husababishwa hasa na mambo manne, nayo ni kukandamizwa, kutikiswa, kuanguka na kulowa. Kukandamizwa hutokea pale boksi jepesi linapowekewa gunia la mchele au mashine juu yake, na ubaya wake ni kwamba uzito huo hukaa hapo safari nzima. Kutikiswa kwa saa nyingi hulegeza vifuniko vya chupa na kusababisha vitu viwili vilivyogusana vikwaruzane hadi kimojawapo kitoke rangi au kipate ufa. Kuanguka hutokea zaidi wakati wa kupakia na kupakua, na boksi linaloangukia kona huumia kuliko lile linaloangukia ubapa wake, kwa sababu nguvu yote hupokelewa na sehemu ndogo. Kulowa kunaweza kutokana na mvua inayonyesha wakati mzigo umewekwa sakafuni kituoni, au na kimiminika kilichovuja kutoka kifurushi cha jirani.

Mambo hayo hushirikiana. Boksi la karatasi ngumu hupata nguvu zake kutokana na karatasi iliyokunjwa mawimbi kati ya kuta zake mbili, na mawimbi hayo hulainika yanapofyonza unyevu. Kwa hiyo boksi lililostahimili mzigo mzito mwezi Agosti linaweza kubonyea chini ya mzigo uleule mwezi Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Boksi lililokwisha kutumika mara kadhaa huwa pia limepoteza sehemu ya nguvu zake kwenye mikunjo na kona, hata kama kwa macho linaonekana zima.

Asali ni mfano mzuri wa bidhaa inayoweza kudhuru na kujidhuru. Asali iliyovunwa kabla ya kukomaa huwa na maji mengi, na maji hayo huiwezesha kuchacha na kutoa gesi ambayo, katika joto la buti, husukuma kifuniko hadi asali ivuje. Wanasheria huita hali hiyo kasoro ya asili ya bidhaa, yaani udhaifu uliomo ndani ya mzigo wenyewe na ambao mchukuzi hakuusababisha. Mtumaji wa asali ya namna hiyo hawezi kumdai mwenye basi fidia ya asali yake, na huenda akadaiwa yeye fidia ya nguo za mtu mwingine zilizolowa.

Sheria inavyougawa wajibu

Kati ya mwuzaji na mnunuzi, msingi umewekwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, iliyofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kanuni yake ya jumla ni kwamba hatari ya bidhaa kuharibika humfuata mwenye mali, na kwamba pale mwuzaji anaporuhusiwa kuituma bidhaa kwa mnunuzi, kumkabidhi mchukuzi huhesabiwa kuwa ni sawa na kumkabidhi mnunuzi mwenyewe, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Wauzaji wengi huishia hapo na kusema kwamba wajibu wao umekoma mzigo ulipoingia garini. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inamtaka mwuzaji afanye na mchukuzi mkataba unaofaa kwa kuzingatia aina ya bidhaa na mazingira yake. Akipuuza jambo hilo na bidhaa ikaharibika, mnunuzi ana haki ya kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa, au kumdai mwuzaji fidia. Anayetuma seti ya glasi bila kuieleza ofisi ya basi kwamba ndani mna glasi amejiweka mahali pabaya.

Kati ya mtumaji na mwenye basi, inatumika dhana ya mchukuzi wa umma, yaani mtu au kampuni inayojitangaza kuwa tayari kubeba mizigo ya yeyote anayelipa nauli. Dhana hii imetoka katika sheria ya mapokeo ya Uingereza, ambayo mahakama za Tanzania Bara huitumia kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale inapofaa na pale ambapo sheria ya nchi haikuweka kanuni nyingine. Mchukuzi wa umma hubeba dhamana ya mzigo hata pasipo uzembe kuthibitishwa, na hujinasua tu kwa sababu chache, zikiwemo nguvu za asili zisizozuilika, kosa la mtumaji kama vile ufungaji mbovu, na ile kasoro ya asili iliyokwisha kuelezwa.

Dhidi ya dhamana hiyo nzito, wachukuzi huchapisha masharti nyuma ya risiti yanayosema kwamba hawatahusika na upotevu wala uharibifu. Kama sharti la namna hiyo linamfunga mtumaji au la ni swali la zamani. Mwaka 1877 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la abiria aliyepotelewa na begi katika chumba cha kuhifadhia mizigo cha stesheni ya Charing Cross, London, ambaye tiketi yake ilisema kampuni ya reli haitalipa zaidi ya pauni 10. Mahakama ilieleza kwamba jambo la kuamua ni kama kampuni ilifanya juhudi za kutosha kumjulisha mteja kuwapo kwa sharti hilo. Kutokana na mashauri ya aina hiyo, sharti linalooneshwa baada ya makubaliano kukamilika, au lililofichwa mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kuliona, huwa na nguvu ndogo.

Usimamizi wa shughuli hii umegawanyika, na mgawanyiko huo huwachanganya wengi. Basi kama chombo cha usafiri liko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Lakini usafirishaji wa vifurushi na vipeto ni huduma ya posta, na chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo imekuwa ikiwakumbusha wamiliki wa mabasi kwamba leseni ya kubeba abiria haitoshi kubebea vifurushi vya watu. Mwuzaji anayechagua kampuni yenye leseni hiyo anajua malalamiko yake yana mlango wa kubishwa.

Thamani na uzito

Mtumaji anayedai fidia huulizwa kwanza mzigo ulikuwa na thamani gani, na hapo ndipo wengi hukwama. Tatizo hili liliwasumbua hata wenye magari ya farasi ya Uingereza, waliokuwa wakidaiwa fedha nyingi kwa vifurushi vidogo ambavyo hawakujua kilichokuwa ndani yake. Sheria ya Wachukuzi ya mwaka 1830 ilijibu kwa kuorodhesha vitu vya thamani, kama vile saa, hariri, kioo na vyombo vya kaure, na kuamuru kwamba kifurushi cha vitu hivyo chenye thamani inayozidi pauni 10 kitangazwe thamani yake wakati wa kukabidhiwa, la sivyo mchukuzi asidaiwe. Mtumaji akitangaza, mchukuzi aliruhusiwa kutoza nauli kubwa zaidi.

Katika usafiri wa anga wa kimataifa, ambao humhusu mwuzaji wa Morogoro anayepeleka viungo kwa mteja wa Muscat au London kwa ndege, fidia hupimwa kwa uzito. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaweka kikomo ambacho tangu mwishoni mwa mwaka 2024 ni vipimo 26 vya SDR kwa kila kilo, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa hesabu hiyo, simu yenye uzito wa gramu 200 ingelipiwa vipimo 5.2 tu, ambavyo havifiki hata dola 10 za Marekani, isipokuwa mtumaji awe ametangaza thamani yake na kulipa nyongeza inayotakiwa. Mkataba huo unamtaka pia mpokeaji alalamike kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu alipoupokea mzigo ulioharibika.

Kufunga kwa vifaa vilivyopo

Kanuni ya ufungaji ni kwamba bidhaa isiguse ukuta wa boksi na isiweze kusogea. Inashauriwa kuacha nafasi ya sentimita 5 hivi kila upande na kuijaza kitu laini, na kwa vitu vya kioo kutumia boksi ndani ya boksi. Plastiki yenye vipovu vya hewa, iliyobuniwa Marekani mwaka 1957 na wahandisi waliokusudia kutengeneza karatasi ya ukutani, hufanya kazi hiyo vizuri, lakini Morogoro haina upungufu wa vifaa vya bei nafuu. Maranda kutoka kwa mafundi seremala, pumba za mpunga zilizotiwa kwenye mifuko midogo ili zisimwagike, na majani makavu ya mgomba hupunguza mshtuko ipasavyo mradi yawe makavu kabisa. Viungo vinahitaji tahadhari ya ziada, kwa kuwa mdalasini na iliki hunasa harufu ya dizeli kwa urahisi. Kwa hiyo hufaa kufungwa katika chombo kisichopitisha hewa kabla ya kutiwa boksini. Chupa ya kimiminika izibwe kwa gundi ya plastiki shingoni, ivishwe mfuko wake, na isimamishwe wima.

Ushahidi kabla ya safari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili daftari lenyewe si gumu kulitunza. Mwuzaji anapaswa kupiga picha tatu, ya bidhaa ikiwa nzima, ya bidhaa ikiwa ndani ya boksi kabla halijafungwa, na ya boksi likiwa mezani katika ofisi ya basi. Risiti iandikwe aina ya bidhaa na thamani yake, badala ya neno “boksi” pekee, na namba ya gari iongezwe. Mpokeaji naye, akifika Msamvu, alitazame boksi kabla ya kutia saini, na akiona kona iliyobonyea au doa la unyevu alifungue mbele ya karani na kutaka hali hiyo iandikwe kwenye risiti. Anayelipeleka nyumbani kwa bodaboda na kulifungua jioni amemwongezea mchukuzi utetezi, kwa kuwa hakuna tena awezaye kusema kama ufa ulipatikana Chalinze au Kihonda.

Jambo la mwisho ni makubaliano kati ya mwuzaji na mteja, ambayo hugharimu ujumbe mmoja tu wa simu. Mwuzaji aseme wazi kabla ya kupokea fedha nani atabeba hasara mzigo ukiharibika njiani, mteja ana saa ngapi za kutoa taarifa, na kama bidhaa itabadilishwa au fedha zitarudishwa. Wauzaji wadogo ambao hawawezi kukata bima ya mizigo kwa kila kifurushi wanaweza kuongeza kiasi kidogo katika bei ya bidhaa zote na kukiweka akiba ya kufidia chache zitakazovunjika. Mwuzaji aliyejipanga hivyo humlipa mteja wake kwanza, bila kumsubirisha hadi ugomvi na mchukuzi uishe, kisha huenda ofisi ya basi akiwa na picha na risiti mkononi kudai kilicho chake.