Tumbo la mutoto ni kama shamba

Mara nyingi mama anasifiwa njiani: "Ah, mutoto wako amenenepa, iko na afya!" Naye mama anafurahi. Hatumulaumu. Tumeona kwashiorkor, tumezika watoto, na kwa sababu hii tunaogopa mutoto mwembamba. Lakini unajua kwamba unene wa kupita kiasi nao ni ugonjwa? Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilihesabu kwamba katika mwaka wa 2022, watoto milioni 37 wenye chini ya miaka 5 walikuwa na uzito wa kupita kiasi. Mutoto wa namna hii anaweza kupata diabete na tansio mapema.

Sababu za kwanza tunazijua: sukari nyingi, mafuta mengi, na kukaa bila kucheza. Lakini kuna sababu ingine inayosaidiana na hizo, nayo imefichama ndani ya tumbo.

Wakaaji wa tumbo

Tunaposikia neno "mikrobi", tunafikiri kolera na kuhara. Kumbe, ndani ya matumbo ya kila mutu kunaishi mikrobi mabilioni kwa mabilioni, na wengi wao ni wasaidizi. Wanatengeneza vitamini, wanazuia mikrobi wabaya wasipate nafasi, na wanakula nyuzi za mboga ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuziyeyusha.

Katika mwaka wa 2006, kundi la mwalimu Jeffrey Gordon, huko St. Louis katika Marekani, lilichukua mikrobi wa matumbo ya panya munene na kuwatia ndani ya panya waliolelewa bila mikrobi hata mumoja. Panya wengine walitiwa mikrobi wa panya mwembamba. Wote walikula karibu sawasawa, lakini wale wa kwanza waliongeza mafuta mengi zaidi mwilini.

Katika mwaka wa 2013 walifanya tena hivyo na mikrobi wa watu mapacha, mumoja munene, mwingine mwembamba. Matokeo yalifanana. Tena, walipoweka panya wa namna mbili katika kizimba kimoja, mikrobi wa wembamba walihamia kwa wenzao na kuwazuia kunenepa. Lakini angalia vizuri: jambo hili lilifanyika wakati panya walipokula chakula chenye nyuzi nyingi na mafuta kidogo. Walipopewa chakula kibaya, mikrobi wazuri hawakukaa.

Bila shaka, mutoto si panya. Waganga wangali wanatafuta kujua ni kwa kiasi gani mambo haya yanakuwa vile vile kwa mutu. Lakini funzo moja linaonekana: shamba bila chakula kizuri halishiki mbegu nzuri.

Watoto wa Boulpon

Sasa tuje Afrika. Katika mwaka wa 2010, wachunguzi walilinganisha watoto wa kijiji cha Boulpon, katika Burkina Faso, na watoto wa muji wa Florence, katika Italia. Wale wa Boulpon walikula mutama, kunde na majani ya mboga. Nyuzi walizokula zilikuwa karibu mara mbili kuliko za wenzao. Matumboni mwao mulipatikana mikrobi wengi wenye kuvunja nyuzi, na wachache wa jamii ya wale wenye kuleta kuhara.

Mama, unaona? Sombe, lengalenga, maharagi na karanga, vile tunavyoviita "chakula cha kijiji", ndivyo chakula cha wasaidizi hao. Lakini siku mushahara unapoingia, tunakimbilia biskuti, mukate mweupe na vinywaji vitamu vya chupa, ili jirani aone kwamba tumefika. Tunatumia feza kwa kudhoofisha mutoto.

Dawa za soko

Jambo lingine ni antibiotiki. Mutoto anahara kidogo, tunakwenda sokoni kununua ampisiline au tetrasikline bila kuonana na munganga. Dawa hizo haziui wabaya tu; zinaua na wasaidizi. Tangu karibu mwaka wa 1950, wafugaji wa Marekani walikuwa wakizitia kidogo kidogo katika chakula cha kuku na nguruwe ili wanenepe upesi. Ulaya ilikataza kabisa desturi hiyo mwaka wa 2006. Munganga akiandika antibiotiki, umupe mutoto mupaka mwisho, kwa maana zinaokoa maisha. Lakini usijiandikie wewe mwenyewe.

Inafaa tufanye nini?

– Munyonyeshe mutoto maziwa ya mama peke yake miezi 6. Katika maziwa hayo kuna sukari ambazo mutoto hawezi kuyeyusha. Ni chakula cha mikrobi wazuri wake.
– Kila siku bukari iambatane na mboga ya majani au maharagi.
– Munkoyo mupya, ambao haujawa pombe, ni muzuri kuliko kinywaji cha chupa. Usiujaze sukari.
– Mutoto acheze, akimbie, atumwe kwa miguu.
– Usimunyime mutoto munene chakula. Umubadilishie chakula, na jamaa yote ile pamoja naye. Umupeleke apimwe.

Nanyi vijana, musimucheke mwenzenu na kumuita majina. Hakujichagulia tumbo lake, na kicheko hakiponyeshi mutu. Mumuite katika muchezo wa mupira.

Mungu ametupa mutoto, na pamoja naye ametupa shamba dogo lisiloonekana. Tulilime vizuri.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Juma hili tulikula mboga ya majani mara ngapi?
2. Ni dawa gani tuliyonunua bila munganga?
3. Katika nyumba yetu, ni chakula gani tunachokionea haya bure?