Duka la Mabati Limeanza Kuleta Ngori na Fundi ni Mteja? Soma Hii Kwanza

Wacha tuongee ukweli. Ukipita Kona ya Musa hapa Diani utaona vile mtaa umejaa vibanda vya chuma. Kinyozi, duka la M-Pesa, chipo, gesi, cyber, wote wako ndani ya mabati ama kontena. Na inaeleweka. Kujenga kwa mawe ni doh mob na inachukua muda, lakini kibanda cha chuma kinachomelewa, kinaletwa kwa lori na kesho yake uko kazini.

Shida huanza baada ya lori kuondoka. Umejinyima miezi kadhaa, umevunja kibubu, umeongezea na kamkopo ka simu. Kibanda kimesimama, umepiga picha, umeweka status, wasee wamekupa hongera. Halafu mvua inashuka usiku mmoja tu. Asubuhi unafungua unakuta mashine za kunyoa zinaogelea, na mlango wenyewe umekataa kufunga. Unampigia fundi. Mteja.

Kabla hujapandwa na hasira ukamwita fundi mwingine aje akate na kugonga, tulia kwanza. Ngori nyingi za vibanda vya chuma zina sababu zinazojulikana, na nyingi zinatengenezeka bila kuanza upya. Hizi hapa.

1. Kwanza kabisa, piga picha

Usiguse kitu. Toa simu, piga picha na video ya kila mahali pana shida, kwa karibu na kwa mbali. Chukua video maji yakidondoka, mlango ukikwama, kutu ikianza. Kisha tafuta zile meseji za M-Pesa ulizomlipa fundi, risiti, na WhatsApp mlizokubaliana bei na vipimo. Weka zote mahali pamoja, na ujitumie kwa email ndio simu ikipotea ushahidi usipotee nayo.

Mbona haraka hivyo? Kwa sababu fundi wa pili akishagusa, yule wa kwanza atakuambia, "Mimi niliacha ikiwa fiti, huyo ndiye aliharibu." Na hapo huna la kujibu.

2. Maji: yanavuja ama ni jasho?

Hapa wasee wengi hukosea. Maji yanayodondoka alfajiri siku ambayo hakukunyesha hayatoki nje. Hilo ni jasho la bati. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Usiku bati linapoa, ule unyevu wa ndani unaligusa na kugeuka matone. Ukipaka silikoni paa lote bado litadondoka. Dawa yake ni hewa: matundu mawili yanayotazamana, moja chini na lingine juu upande wa pili, ndio hewa iingie na itoke. Ukiweza, weka dari ama kitu cha kuzuia joto chini ya bati.

Kama ni mvua inaingia, tafuta tundu kwa mpangilio. Chukua mpira wa maji, mwenzako akae ndani na tochi. Anza kumwagia sehemu ya chini ya paa, dakika kama tano hivi, halafu panda juu kidogo kidogo. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Mara nyingi utakuta mwizi ni skrubu. Ile rubba iliyo chini ya kichwa cha skrubu ikikazwa sana inapasuka, ikilegea maji yanapita. Pia kuna fundi aliyetoboa, akakosa chuma cha chini, akaacha tundu na kutoboa lingine kando. Badilisha skrubu iliyoharibika na nene kidogo yenye rubba mpya. Angalia pia pale bati moja linalalia lingine. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini na unasukuma mvua. Kama mdomo wa yale maungio unaangalia upande huo, maji yataingia tu.

Na jua bati linacheza. Bati la mita 6 likipata joto la digrii 40 zaidi ya lile la alfajiri, linarefuka karibu milimita 3. Kila mchana linavimba, kila usiku linarudi. Ndio unasikia likilia "ka ka ka" jioni, na ndio misumari ya kawaida hulegea baada ya muda. Kagua skrubu zako kabla ya masika na kabla ya vuli, usingoje uloe.

3. Kutu: bahari haina huruma

Hapa Diani upepo unabeba chumvi. Chumvi ikikaa kwenye chuma inavuta unyevu, na chuma chenye unyevu kinakula kutu hata bila mvua. Bati linalindwa na zinki iliyopakwa juu. Zinki ikitoka, chuma kimebaki uchi.

Na zinki hutolewa wapi? Pale fundi alipochomelea, kwa sababu moto unaiunguza. Pale alipokata na grinda. Na kuna hii ambayo wengi hawajui: zile cheche za grinda huangukia bati jipya, zinaganda, na wiki chache baadaye unaona vidoti vya kahawia kila mahali. Unadhani uliuziwa bati feki, kumbe ni cheche. Mwambie fundi akate mbali na mabati, na afagie baada ya kazi.

Ukiona kutu mapema, fanya hivi: piga msasa ama brashi ya waya mpaka chuma king'ae, futa vumbi, paka rangi ya kuzuia kutu, iwe ile yenye zinki ama red oxide, iache ikauke vizuri, kisha paka rangi ya juu. Ukipaka rangi juu ya kutu umeificha tu, itaendelea kula chini kwa chini. Kila baada ya muda osha kuta kwa maji yasiyo na chumvi, hasa chini ya ukingo wa paa ambapo mvua haifiki kuosha. Kama maji ya kisima chako yana chumvi, usiyatumie kwa hii kazi.

Wenye kontena pia msijidanganye. Ni kweli kontena zimetengenezwa kwa chuma kinachojilinda kwa kutu yake cha juu, lakini ulinzi huo hauwezi hewa yenye chumvi kila siku. Angalia chini ya sakafu na kwenye kona, ndiko huozea kwanza.

4. Mlango umekataa kufunga

Usikubali mlango ukatwe! Mara nyingi mlango uko sawa, ni kibanda kimekaa vibaya. Ardhi yetu ni mchanga, na mchanga ukishiba maji unatitia. Kona moja ikishuka kidogo tu, fremu yote inapinda.

Jipimie mwenyewe. Chukua tepu, pima fremu ya mlango kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, halafu pima zile kona mbili nyingine. Vipimo vikilingana, fremu iko sawa na shida iko kwa bawaba. Visipolingana, fremu imepinda. Weka pima maji sakafuni uone ni upande gani umeshuka. Kazi basi ni kuinua ile kona kwa jeki na kuweka zege ama kipande cha chuma chini yake. Ukikata mlango leo, kibanda kikiendelea kutitia utaukata tena mwezi ujao. Na chimba mtaro, maji ya paa yasimwagikie kwa msingi.

5. Stima: hapa hakuna mchezo

Ukigusa ukuta ukahisi mtetemo ama kakitu kanakudunga, hiyo si baraka. Jengo lote ni chuma, na waya mmoja uliochubuka ukigusa bati, duka zima linakuwa waya. Mteja anayeingia na viatu vimeloa anaweza kufa.

Zima main switch kama unaweza kuifikia bila kugusa chuma. Toa watu nje, usiguse kuta, na uwazuie watoto. Kama stima inatoka kwa laini ya nje, piga Kenya Power kwa 97771. Kisha tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, na uombe kuiona hiyo leseni. Mambo matatu lazima yawepo: waya ya athi, ile ya kijani na njano, ifungwe kwenye chuma cha jengo na iende mpaka ardhini, kila tundu ambalo waya unapita liwe na rubba ndio makali ya bati yasiukate, na kuwe na kile kifaa kinachokata stima chenyewe ikivuja, kiwe kimeandikwa 30mA. Kuvuta stima kwa jirani na waya wa kuning'inia, achana nayo.

6. Upepo unataka kubeba duka

Mnakumbuka Mei 2024? Kimbunga Hidaya kilitua Mafia kule Tanzania tarehe 4, na hata huku Pwani ya Kenya wavuvi waliambiwa wasiingie baharini kwa sababu ya upepo na mawimbi. Kibanda ambacho kimewekwa tu juu ya mawe bila kufungwa ni tanga. Kontena ya futi 20 ikiwa tupu ina zaidi ya tani 2, hiyo inajishikilia kiasi. Lakini kibanda cha mabati na angle line ni chepesi. Lazima miguu yake ifungwe kwa bolti ndani ya zege. Tikisa kibanda chako kwa mikono miwili. Kikicheza, ita fundi wiki hii.

7. Pahali penyewe: umeweka wapi?

Hii ndiyo hasara kubwa kuliko kuvuja. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga iko chini ya KeNHA, na ardhi ya pembeni yake ni akiba ya barabara. Ukiweka kibanda pale, siku notisi ikija utabomolewa hata kama kibanda kina mwezi mmoja. Sheria ya Mipango ya mwaka wa 2019 inataka upate ruhusa ya kaunti kabla ya kujenga, na leseni ya biashara ni karatasi tofauti. Msee anakuambia "hapa hakuna shida," lakini akiulizwa karatasi anaanza kuangalia bahari.

Kama umekodi pahali, andikianeni kwamba kibanda ni chako na utaondoka nacho. Siku mkikosana na mwenye shamba, asikuambie kila kilichosimama kwa ardhi yake ni mali yake.

Sasa huyu fundi aliyeishia

Anza kwa upole. Mtumie meseji, sio simu pekee, kwa sababu meseji inabaki. Mwandikie shida moja moja, weka picha, mpe siku maalum, tuseme 14. Kitu kama: "Kaka, kibanda ulichoniletea kinavuja sehemu tatu na mlango haufungi. Naomba uje urekebishe kabla ya tarehe fulani." Usitukane. Hiyo meseji inaweza kusomwa na hakimu.

Akinyamaza, pitia kwa wazee wa mtaa ama chifu. Wengi huamka wakisikia wameitwa huko. Hata mkikubaliana alipe kidogo kidogo, andikeni na mtie sahihi mbele ya shahidi.

Bado? Basi jua haki zako. Katiba, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili. Na kuna Korti ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nenda kortini Kwale uulize pa kuanzia. Zile picha za namba moja ndipo zinakuwa dhahabu.

Na kama bado hujalipa yote…

Bahati yako. Kubalianeni mapema kwamba pesa ya mwisho itatoka baada ya kibanda kupimwa kwa maji na mlango kufungwa na kufunguliwa mbele yenu nyote. Andika geji ya bati mliyokubaliana, na kumbuka namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Andika pia waranti ni ya muda gani. Fundi mzuri hatakasirika. Anayekasirika kwa kuambiwa aandike ameshakujibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu, usipobadilisha ile skrubu leo, utanunua mashine mpya kesho na mkopo wa simu bado unakungoja. Kwa hivyo jioni ya leo kabla hujafunga, zima taa za ndani kukiwa bado na mwanga nje, angalia juu. Kila kinyota unachokiona kwenye paa ni tundu. Zihesabu, zipige picha, kisha mtumie fundi ile meseji.