Mbwa Huyu Katoka Wapi?

Mbwa asiyejulikana akiingia kijiji kama Kisaka, wilayani Serengeti, akang'ata watoto na mbuzi kabla ya kuuawa kwa marungu, swali la kwanza midomoni mwa watu huwa ni hili: katoka wapi? Wengi wetu tuliopo mjini tungedhani hilo ni swali la mazungumzo tu ya barazani. La hasha. Ni swali la hesabu, tena hesabu ngumu, na jibu lake linaokoa maisha.

Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara hufa. Anayeng'atwa akaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, kisha akawahi kupata chanjo, hupona. Lakini hospitali iko mbali, na nauli haiokotwi njiani.

Mkoani Mara lilikuwapo jambo la kutatanisha. Hifadhi ya Serengeti iko jirani, na humo wamo fisi, mbweha na wanyama wengine wanaoweza kuugua ugonjwa huu. Ikiwa chanzo ni porini, basi kuchanja mbwa wa nyumbani ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Ilibidi ijulikane.

Wazo la kusaka chanzo kwa ramani si geni. Mwaka 1854, daktari John Snow wa London alitia alama kwenye ramani kila nyumba iliyopoteza mtu kwa kipindupindu. Alama zikasongamana kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street, na mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Lakini Snow alikuwa na bahati moja: pampu haitembei. Mbwa anatembea. Kwa hiyo huku kwetu mahali peke yake hapatoshi; lazima ijulikane na siku.

Kuanzia mwaka 2002, watafiti wakishirikiana na wataalamu wa mifugo wa hapa nchini walianza kazi hiyo. Walianzia kwenye madaftari ya hospitali yenye majina ya walioumwa, wakawafuata hadi majumbani. Mbwa alikuwa wa nani? Alianza kubadilika lini? Aliuma nani tena, na alikimbilia upande gani? Kila mahali pakapimwa kwa kifaa kinachosoma setilaiti. Hadi kufikia 2015 walikuwa wamefuatilia mbwa wagonjwa zaidi ya 3,000 katika wilaya hiyo moja. Kompyuta ndiyo hupewa sifa, lakini bila mtu wa kuingia nyumba hadi nyumba akiuliza kwa adabu, ingekuwa haina la kuhesabu.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Tuseme mbwa ameugua leo, na washukiwa wa kumwambukiza ni watatu. Wa kwanza aliugua siku nne zilizopita, nyumba ya pili tu. Wa pili aliugua siku ishirini na nne zilizopita, umbali wa mita 700. Wa tatu aliugua siku hiyo hiyo ya wa pili, lakini yuko kilomita kumi na mbili. Haraka haraka tungemkamata wa jirani. Tungekosea, kwa sababu ugonjwa hujificha mwilini wiki tatu hivi kwa wastani. Wa tatu anawezekana, ila mbwa wagonjwa wengi huumia wenzao ndani ya kilomita moja. Ni wachache wanaokimbia mbali hivyo. Kompyuta huzidisha uwezekano wa umbali kwa uwezekano wa siku, ikampa kila mshukiwa uzito wake. Na kwa kuwa hakuna awezaye kuapa, hurudia zoezi hilo mara nyingi mno mpaka ukoo mzima wa ugonjwa uonekane, nani kamzaa nani.

Ukoo huo ulionyesha minyororo ya mbwa kwa mbwa. Wanyama wa porini huambukizwa, lakini si wao wanaouweka ugonjwa hai. Kampeni ya chanjo iliyoanza wilayani humo mwaka 1996 nayo ilikwisha kutoa ushahidi: baada ya awamu ya kwanza ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97.

Wapo pia mbwa ambao hesabu haiwapatii mzazi. Hakuna mgonjwa wa karibu, wala siku hazilingani. Hao ni wageni, wameingia kutoka nje ya wilaya, kwa miguu yao wenyewe au pamoja na watu. Mbwa haombi ruhusa mpakani. Ndiyo maana wilaya inaweza kuchanja asilimia 70 ya mbwa wake, kiwango kinachoshauriwa duniani, na bado mwaka unaofuata ugonjwa ukarudi kupitia kijiji cha jirani ambako gari la chanjo halikufika.