Kuokoa Mafaili Katika Diski Iliyoharibika, na Njia ya Kulifundisha Jambo Hilo kwa Viberiti

Mwalimu akichomeka diski kwenye kompyuta, mara nyingine huletewa taarifa kwamba diski hiyo haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, pamoja na swali iwapo anataka kuifomati sasa. Wengi hujibu ndiyo, maana hawana sababu ya kuutilia shaka ushauri wa mashine iliyowatumikia siku zote. Pengine ndani ya diski ile zimo alama za majaribio za darasa la saba tangu mwezi Januari, orodha ya watahiniwa na kumbukumbu za kamati ya shule za miaka mitano, na huenda karibu vyote hivyo bado ni vizima. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini vyaweza kuwa vizima hali kompyuta haivioni, na jinsi ninyi mnaojiandaa kufundisha shule za msingi mnavyoweza kulifafanua jambo hilo hata katika darasa lisilo na kompyuta.

Sababu za uharibifu hazihitaji kutafutwa mbali katika wilaya ya Lushoto. Wakati wa masika umeme hukatika ghafla, na kompyuta iliyokuwa katikati ya kuandika huzimika kabla haijamaliza. Flashi moja hutoka shuleni, ikapita steshenari ya mjini, ikafika ofisi ya Afisa Elimu Kata, kisha ikarudi Mtae au Mlalo na virusi vya kote ilikopita. Wengine huichomoa kabla kompyuta haijairuhusu. Mengi ya matukio hayo hayaigusi habari yenyewe. Huharibu orodha inayoonyesha habari ilipo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Diski imegawanywa katika vipande vidogo vyenye namba, viitwavyo sekta, ambavyo kwa muda mrefu vilikuwa vya baiti 512 kila kimoja, na katika diski nyingi za siku hizi ni vya baiti 4096. Faili moja huweza kukaa katika maelfu ya vipande hivyo, wala si lazima vifuatane. Ili kompyuta ikumbuke ni vipande gani na kwa utaratibu upi, huweka orodha, na orodha hiyo pamoja na kanuni zake ndiyo iitwayo mfumo wa mafaili. Mfumo wa FAT, ulioanza mwaka 1977 na ambao vizazi vyake vingali vinatumika katika flashi, hutunza hata nakala mbili za orodha hiyo, kusudi moja ikiharibika ya pili isaidie. Faili inapofutwa katika mfumo huo, herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa kuwa alama maalumu, na vipande vyake huandikwa kuwa viko wazi. Maneno yenyewe hayaguswi. Ndiyo maana programu ya kurudisha mafaili iliyokuja na MS-DOS 5 mwaka 1991 ilimwuliza mtumiaji aitaje herufi ya kwanza ya jina: herufi hiyo ndiyo iliyokuwa imepotea.

Mfano mkubwa unapatikana nje ya Afrika. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilivunjika kilipokuwa kikirejea duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Katika mabaki yaliyookotwa Texas ilikuwamo diski moja iliyoungua, yenye vipimo vya jaribio la kisayansi juu ya gesi ya zenoni. Mafundi waliisafisha, wakabadilisha sehemu zilizokufa, na kuokoa takriban asilimia 99 ya habari zake. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 2008. Mwalimu asiuache upande huu wa habari hiyo: ilisaidia sana kwamba diski ile ilitumia mfumo wa zamani wa DOS, ambao haukuwa umezitawanya habari huku na huku, na kwamba sehemu iliyoharibika vibaya ilikuwa bado haijaandikwa kitu.

Sasa tuingie darasani. Kusanyeni visanduku vitupu vya viberiti ishirini na vinne, mvitie namba, na kuvipanga juu ya meza. Tungeni hadithi mbili za sentensi nane nane. Kwa shule zetu za Usambara napendekeza ya kwanza iwe ya Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ungulu akaja kutawala Wasambaa huko Vugha, maana watoto wengi wamekwisha kuisikia nyumbani. Ya pili iwe ya sungura na fisi. Kila sentensi iandikwe katika karatasi yake na kutiwa kisandukuni bila kufuata mpangilio wa namba. Mwalimu abaki na daftari lenye mistari miwili tu: jina la kila hadithi, na namba za visanduku vyake kwa utaratibu wa kusomwa.

Mwanafunzi mmoja kwanza aisome hadithi ya Mbegha kwa kufuata daftari. Kisha mwalimu aukate mstari wa Mbegha kwa wino mbele ya darasa, asiguse kisanduku hata kimoja, na kuuliza: hadithi iko wapi? Watakaojibu kwamba imepotea wasikatazwe. Waachwe wabishane na wenzao mpaka mmoja aombe kufungua visanduku. Hapo kundi la watoto lifungue vyote, litafute karatasi ya kuanzia, na kuunganisha zilizobaki kwa maana. Ili kazi iende, karatasi ya kwanza ya kila hadithi iwe na nyota, kwa kuwa ndivyo yalivyo mafaili ya kweli: picha za aina ya JPEG huanza na baiti zile zile siku zote, na faili la PDF huanza na alama ya asilimia ikifuatwa na herufi hizo tatu. Programu ya bure ya PhotoRec hutafuta mianzo ya namna hiyo pasipo kuitegemea orodha, nayo ndiyo sababu hurudisha mafaili bila majina yake ya asili.

Zoezi lirudiwe, safari hii sentensi za Mbegha zikiwa katika visanduku vya 1 hadi 8 mfululizo. Watoto watamaliza upesi mno, na habari ya Columbia itaeleweka pasipo maelezo marefu. Mwisho mwalimu alete hadithi ya tatu na kuiweka katika visanduku ambavyo daftari linasema viko wazi, vikiwamo baadhi ya vile vya Mbegha, na kila karatasi ya zamani anayoikuta aichane. Sentensi zilizochanwa hazitarudi, hata darasa lifanye bidii gani.

Zoezi hilo likieleweka, kanuni za ofisini hujieleza. Diski yenye hitilafu isiandikwe kitu tena. Ikitoa sauti ya kugonga-gonga, ni kifaa chenyewe kinachokufa. Izimwe mara moja, apewe fundi mwenye vyombo vya kazi hiyo, wala isifunguliwe mezani, kwani vumbi lina ukubwa kupita nafasi iliyopo kati ya sahani na kichwa kinachoisoma. Ikiwa ni tulivu, inakiliwe kwanza nzima kwa programu kama ddrescue, ambayo huchukua sehemu nzuri kabla ya kurudia zile mbovu, na kazi ya kutafuta ifanywe juu ya nakala. TestDisk hutumika kujenga upya orodha. PhotoRec hufuata ikishindikana. Mafaili yanayopatikana yawekwe katika diski nyingine. Ama kufomati, tangu Windows Vista ufomati ulio kamili huandika sifuri katika diski nzima, na baada yake hapana cha kutafuta.

Lazima niongeze neno juu ya vishikwambi, hasa vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa walimu. Hivyo havina sahani izungukayo bali hutunza habari katika chipu, na mara nyingi mfumo wake huijulisha chipu kwamba nafasi fulani haihitajiki tena, nayo chipu huisafisha yenyewe, wakati mwingine baada ya muda mfupi tu. Aidha habari zake huandikwa kwa siri, hivyo zoezi la kuunganisha karatasi haliwezekani pasipo ufunguo. Kwa madarasa ya juu mwalimu aweza kulionyesha hilo kwa kumteua mwanafunzi mmoja awe mfagizi: kila mstari unapokatwa daftarini, yeye hupita kimya na kuvimwaga visanduku vilivyotajwa, kabla wenzake hawajapata kuuliza hadithi iko wapi.